Ufunguo wa Choo cha Mtakuja

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu, choo cha wanawake katika soko la Mtakuja hakikuwa na mlango. Mwenye haja alitafuta mwenzake wa kumshikia kanga. Somoe, muuza nyanya, aliona haya kusumbua watu kila mara, akawa hanywi maji tangu alfajiri mpaka alasiri. Kibofu kikamuuma hata daktari akamwambia: mama, kunywa maji au acha soko. Aache soko, watoto wale nini?

Akamwendea mwenyekiti wa soko kuomba mlango. Mwenyekiti akauliza mbona mama zao waliweza. Somoe akarudi kwenye meza yake ya nyanya. Akang'oa ubao wake, akamwekea mwenyekiti miguuni. "Mlango huu hapa," akasema. Toka siku hiyo akauzia chini, vumbini.

Kibwana, fundi viti, akaupachika ubao ule, akatia komeo kwa ndani. Wanaume wenzake wakamcheka, eti fundi wa choo cha wake za watu. Yeye akaendelea kugonga nyundo tu.

Chausiku muuza dagaa, mshika kanga wa miaka yote, hakuuamini ubao. Somoe akiingia, yeye husimama nje. Haya, siku ya tatu akaja mlevi mmoja, akausukuma mlango Somoe akiwa ndani. Komeo likapinda, halikutoka. Chausiku akaegemeza mgongo. Mlevi akamvuta mkono hadi ukavunjika, na mama wa watu habanduki, mpaka soko zima likafika.

Mwenyekiti, uso umemshuka, akaleta kufuli lenye ufunguo mmoja, akalifunga mlangoni. Akasema atakayeushika ndiye atakayefungua asubuhi, kufunga jioni, na kuwa na amri ya choo kile.

Chausiku akasema, "Mlango haukumzuia yule. Nilimzuia mimi."

"Na ubao wangu usingekuwepo," akasema Somoe, "ungeegemea nini? Upepo?"

Kibwana naye akadai komeo lake ndilo lililowapa watu nafasi ya kufika, na mlevi akirudi atamwogopa mwanamume. Wanawake wakaguna: tumetoka kumwomba mwanamume mmoja, twende kwa mwingine? Lakini komeo lilishika kweli, na hilo hakuna aliyeweza kulikana.

Somoe, aliyekunywa vikombe viwili vya maji asubuhi ile, akabana miguu. "Amueni," akasema. "Siondoki hapa."

Haya, nyie mliokaa kitako mkinisikiliza, ambao vyoo vyenu vina milango: ufunguo ni mmoja, na mama wa watu amebanwa. Je, nani alistahili kupewa?