Chura Mpiga Mbiu na Kipaza Sauti cha Fisi

Nianze, nisianze?
Anza, bibi!
Milango?
Tumefunga!
Masikio?
Yako wazi!

Basi apeni kwanza: neno hili halitoki hapa. Mmeapa? Vizuri. Hata mimi niliapa vilevile, ndiyo maana nawaambia ninyi tu.

Chura alikuwa mpiga mbiu. Puu! Puu! pembe ikilia, anasimama kila mlango, haondoki mpaka ajibiwe, "Tumesikia!" Bibi Kobe, kwa uziwi wake, aliambiwa mara tatu, na mara zote tatu Chura alipewa uji.

Akaja Fisi na kipaza sauti, akakitundika juu ya mnazi. Krrr! Aloo, aloo! Kijiji kizima kikasikia kwa mara moja. Chura akaambiwa, "Wewe pumzika sasa, mzee."

Kupumzika kunashibisha? Akatundika pembe ukutani, akashika ndoo, akawa mchota maji. Milango ni ileile, ila hakuna wa kumjibu. "Mimina hapo," basi.

Fisi akamcheka. "Vipi, mzee wa mbiu? Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji!"

"Kweli, bwana mkubwa. Nimimine wapi?"

Ikaja karamu ya mavuno. Kila nyumba ilitoa mchele na kuku, vikapikwa uani kwa Fisi, maana yeye ndiye mtangazaji. Krrr! "Aloo! Karamu ni jioni!" Lakini Chura, aliyepeleka maji pale tangu alfajiri, aliona: jua halijapanda, pilau imeshaepuliwa, na Fisi anafunga lango.

Akabeba ndoo. Chwaa! kwa Ngiri. "Nakwambia wewe tu, usimwambie mtu: pilau imeiva." Chwaa! kwa Kanga. "Nakwambia wewe tu..." Chwaa! Chwaa! Kwa Bibi Kobe alisema mara tatu.

"Tumesikia!" akajibu bibi.

Chura akasimama kidogo, ndoo mkononi. Neno hilo hakuwa amelisikia tangu mavuno ya mwaka jana.

Langoni kwa Fisi wakakutana wote, kila mmoja ananyata.

"Na wewe?"

"Aa, napita tu!"

Wakasukuma lango, kwaa! Fisi huyo, kichwa kimezama sufuriani mpaka masikio, nyamu nyamu, wali puani.

"Bwana Fisi," akauliza Bibi Kobe, "kumbe jioni imeshaingia?"

"Na... naonja chumvi!"

Kipaza sauti hawakukishusha, walimpa Kima. Pembe ya Chura ingali ukutani, buibui wamo ndani.

Fundisho, wajukuu: tunzeni siri. Chura angeitunza, Fisi angeshiba kwa amani.

Ndoo yangu tupu, nimemimina yote. Fungueni milango, na mkikutana na mtu njiani, mwambieni yeye tu.