Kwa Nini Chumba cha Kujengea Programu ni Kitupu

Ninyi mnaonuna vifurushi vyenu vya programu vikikataliwa, sogeeni. Kununa huko kuna asili yake, na asili yenyewe ni mtoto mchanga.

Hapo zamani chumba cha kujengea programu hakikuwa kitupu. Wajenzi wote walitumia kompyuta moja kuukuu iliyojaa mafaili ya kila aina, na kila programu ilijiokotea humo ilichotaka. Hakuna aliyeuliza faili ni la nani, wala kama huko programu iendako lipo. Ikikubali hapo, basi, imekubali.

Miongoni mwao alikuwamo Shekue, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kuridhika. Alijenga programu ya kuwasha jenereta ya zahanati ya kijijini kwao, ambako umeme ulikatwa kila jioni. Akaiamuru: saa kumi na mbili, washa. Kompyuta huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, lakini ile ya wajenzi ilikuwa na faili la Bi Hadia, mkuu wao, lililoifundisha kuanzia macheo, kama tunavyohesabu sisi. Shekue alidhani faili hilo limo katika kila kompyuta, kama mlango ulivyo katika kila nyumba. Kifurushi chake kikalitegemea bila kulibeba.

Dada yake, Kibibi, alikuwa amelazwa huko na mwanawe aliyezaliwa kabla ya wakati, amewekwa kwenye kitanda cha joto. Jua lilipozama alipiga simu.

"Kaka, umeme umekatika na jenereta haijawaka. Mtoto anapoa."

Shekue akaijaribu programu pale pale. "Mbona kwangu inakubali, dada?"

"Kwako inakubali. Mtoto yuko kwangu."

Shekue akamkimbilia Bi Hadia. Naye akamuuliza jambo moja tu: lile faili la saa, kule zahanati lipo? Halikuwapo. Kule saa kumi na mbili ilikuwa adhuhuri. Jenereta ilikuwa imewaka juani na kunywa dizeli yote. Kibibi akamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akisikiliza pumzi zake, huku dereva wa ambulensi akinyonya dizeli ya gari lake kwa mpira aitie kwenye jenereta. Taa ziliporudi mtoto alilia, na Shekue, simu sikioni, akalia naye.

Kesho yake wajenzi walikaa kuamua ni mafaili gani yahesabiwe kuwa yapo kila mahali. Kila mmoja alitetea lake na sauti zikapanda. Bi Hadia akawa anauliza swali lile lile: "Kwa Kibibi lipo?" Kisha akaanza kufuta, na la kwanza kufutwa likawa lake mwenyewe. Yakabaki machache, kama lile la kusomea amri na lile la kuwekea kazi kwa muda. Mengine yote, anayeyataka ayabebe katika kifurushi chake.

Na tangu siku hiyo programu hujengwa katika chumba kitupu, kompyuta isiyo na kitu ila hayo machache, na iliyosahau mzigo wake huanguka hapo hapo mbele yetu, kabla haijasafiri. Ndiyo maana mkinijia mkisema kwenu inakubali, siwajibu mengi. Nawauliza mtoto yuko kwa nani.