Jemadari wa Anga, Babu Yetu Sisi Kuku

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kuku juu ya jalala. Kuku mwenyewe ni mimi. Msinicheke; babu yangu alikuwa jemadari wa jeshi la anga.

Enzi hizo kuku lilikuwa tusi tu, ndege mwenyewe hajapatikana. Babu aliitwa Mwewe, mwewe wa Udachi. Alikuwa ameshindwa vita, na wanyama wote wakamkataza kuwa na askari wa kuruka.

"Sawa, mabwana," akasema. Akafungua chama cha michezo.

Wanachama wake, kunguru, wakawa wanateleza hewani, swaa! swaa! Jirani wakiuliza, babu anajibu, "Vijana wananyoosha mabawa tu." Siku moja vijana wakatokea na sare, kila mmoja na jiwe miguuni. Michezo ikaishia hapo.

Wakaruka, vuuu! Wakaangusha, puu! Bata akakimbia, wakala mahindi yake. Wakaruka, vuuu! Wakaangusha, puu! Kanga akakimbia, wakala kunde zake. Babu akanenepa, akajipachika nishani mpaka tumboni.

Ikabaki ghala ya Fuko, ng'ambo ya mto, yenye mtama wa watoto wake. Fuko mdogo, haoni vizuri, bawa hana.

"Nipe mtama," babu akamwambia.

"Wanangu watakula nini, bwana jemadari?"

"Udongo. Si ndimo mnamoishi?"

"Na wewe huogopi kupigwa?"

"Mimi? Jiwe moja likianguka kwangu, niiteni kuku!"

Kisha akawaamuru kunguru, "Panapofuka moshi ndipo anapopika Fuko. Pigeni. Asiulize mtu!"

"Amri ni amri!" wakaitikia.

Kumbe Fuko yuko ardhini, chini ya miguu yao, anasikia. Akaenda akazima jiko lake. Watoto wakalia njaa, na kilio kile kikamuuma sana. Akachimba, kwaru! kwaru! Akapita chini ya mto, akatokea chini ya nyumba ya babu. Akawasha majani mabichi. Moshi, fuuu!

Kunguru wakapaa.

"Mbona hapa ni kwa jemadari?" mmoja akasema. "Na yule mlangoni si jemadari mwenyewe?"

"Moshi unafuka?" akauliza mkubwa wao.

"Unafuka."

"Amri ni amri!"

Puu! Puu! Babu akapunga mabawa, "Ni mimi! Jamani, ni mimi!" Puu! Mabawa yakavunjika yote mawili.

Fuko akachungulia shimoni. "Pole, kuku," akasema, akarudi kuwapikia wanawe ugali.

Tangu hapo haturuki. Tukijitahidi sana tunafika juu ya uzio, na tukifika tunapiga kelele utadhani tumeteka nchi.

Ngano yangu imetagwa. Ikiwa nzima, gawaneni; ikiwa viza, ni yangu peke yangu.

Na funzo lake ni hili: amri ya mkubwa itii, usiulize. Sisi kuku tumelishika barabara. Sikukuu ikifika, mwenye nyumba hutuita, "Kurr! Kurr!", mkono mmoja mtama, mkono mmoja kisu, nasi tunakwenda mbio. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kurudi kulalamika.