Pikapu Uani Siku ya Tamasha

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakueleza mgeni huyo atakuja na nini. Wengi wetu humpima mgeni kwa nafasi atakayoichukua, kumbe heri anayokuja nayo haionekani langoni.

Fundi cherehani mmoja aliishi na mkewe nyuma ya uwanja mkubwa wa mpira. Siku za tamasha la muziki, magari yalijaa mtaani kwao kama siafu. Tamasha lililopita, mtu asiyejulikana aliegesha gari mbele ya lango lao kutwa nzima, na nguo za maarusi alizozishona fundi zikafika sherehe imekwisha. Tangu hapo fundi alikula yamini kwamba gurudumu la mgeni halitasimama tena kwake. Siku ya tamasha hili alipanga mawe matano langoni, akaketi kando yake, uso ameukunja kama aliyelamba ndimu.

Saa saba mchana ilifika pikapu. Dereva wake alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya furaha.

"Hodi, kaka."

"Hapa hapaegeshwi."

"Naona mawe. Umeyapanga vizuri, kama meno." Fundi hakucheka. Mama akaendelea, "Mimi ni wa taa za jukwaani. Tumeshusha vyombo, walinzi wakanitoa nje ya uwanja. Hapa nyuma nina jenereta la akiba. Nikiliacha barabarani sitalikuta."

"Pole. Jaribu kule mbele."

"Kule mbele ndiko nilikotoka."

Mke wa fundi alitokeza akijifuta mikono. "Baba watoto, aliyetuzibia lango ni mwingine. Huyu amepiga hodi."

Fundi alisogeza mawe moja moja, polepole, ili kila mtu aone kwamba hakupenda, pikapu ikaingia uani.

Sasa, katika chumba cha nyuma, mke huyo alikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga. Ndani yake mlikuwa na mayai mia na ishirini, nayo yalikuwa yametimiza siku ya ishirini. Yale ya mwanzo yalikuwa yameharibika yote, akalia siku mbili. Haya aliyageuza kwa mkono asubuhi na jioni, akiyanong'oneza kama watoto wachanga. Ilibaki siku moja tu.

Saa tisa umeme ukakatika mtaa mzima. Uwanjani muziki uliendelea, maana wao walikuwa na mitambo yao. Kipimajoto cha mashine kilianza kushuka: thelathini na saba, thelathini na tano, thelathini na tatu. Mke aliifunika mashine kwa blanketi. Fundi akaongeza makoti ya wateja, hata yasiyotiwa vifungo. Joto liliendelea kushuka.

"Yatakufa," mke alisema.

Fundi alichungulia dirishani. Mgeni alikuwa amevua viatu, ameketi garini akilinda mali yake. Fundi akatoka kumwendea, miguu mizito kama ya mtu anayekwenda kutubu.

"Dada," alisema, macho chini, "ule mtambo wako..."

Mgeni alikuwa tayari anashuka. "Una waya mrefu? Ila uwanjani wakinihitaji, nitauchomoa."

Jenereta likanguruma. Kipimajoto kikapanda taratibu. Kilipofika thelathini na sita, simu ya mgeni iliita. Wote watatu wakaitazama.

"Haloo? Nini? Chumvi iko nyuma ya chupa ya mafuta, mwanangu! Tafuta kwa macho, si kwa mdomo!"

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Jioni umeme uliporudi, yai moja lilikuwa na ufa, na katika ufa ule mdomo mdogo kama punje ya mchele ulikuwa ukigonga. Mke alishika mkono wa mgeni asiuachie. Fundi aliinama akatazama, kisha akatoka nje. Walimkuta akiviringisha mawe yake kuyapeleka nyuma ya nyumba.

"Tamasha lijalo uwahi," alimwambia mgeni. "Nafasi yako ni ile ile."

Naam, mgeni njoo, mwenyeji apone.