Digidigi na Mkutano wa Majani Makavu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Nyinyi wa nyuma huko, na nyinyi watu wazima mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu, itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ofisi zao na mihuri yao, palikuwa na Idara ya Nyika. Kazi yake ilikuwa kutunza miti, maji na majani, na kuwaambia wanyama habari za hatari kabla haijawafikia mlangoni. Mjumbe wake wa kwenda vijijini alikuwa Digidigi.

Digidigi mnamjua. Miguu myembamba, macho makubwa, roho juu juu. Jani likidondoka, yeye keshataka kukimbia. Lakini alikuwa na adabu, tena adabu ya kupitiliza. Alifunzwa na mama yake asimkate mkubwa kauli, na hakuwahi kumkata.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Majani yakakauka, yakawa rangi ya simba. Upepo ukavuma asubuhi, ukavuma mchana, vuu, vuu, vuu. Mkuu wa Idara akamwita.

"Digidigi, nenda Kijiji cha Mbugani. Una mambo matatu tu. Wafyeke majani kuzunguka kijiji, moto ukija usipate cha kula. Wasirine asali kwa moto mpaka mvua inyeshe. Na wakiona moshi, wakimbilie kwenye mwamba mtupu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mkuu."

"Na usiwaudhi wananchi. Kijiji kile kina heshima zake."

Digidigi akashika njia. Chap, chap, chap. Njia nzima anasema moyoni: fyeka, asali, mwamba. Fyeka, asali, mwamba. Akakanyaga majani, yakalia kakaka. Akaongeza mwendo.

Alifikia kwa Bi Kanga, mjane wa pale kijijini. Bi Kanga alikuwa ametaga mayai kumi na manne, katikati ya majani marefu, karibu kabisa na uwanja wa mkutano.

"Karibu, mwanangu. Angalia usikanyage," akasema. "Mwaka jana nyoka aliyamaliza yote. Mwaka huu nimeyalalia siku ishirini na nne. Usiku nawasikia vifaranga wananigonga tumboni, kutoka ndani ya mayai."

Digidigi akayatazama mayai. Akayatazama majani. Akayatazama mabawa ya Bi Kanga.

"Bi Kanga, wewe una mabawa. Hawa hawana. Ngoja nikuambie..."

"Ah ah! Usiniambie hapa. Kwetu mgeni wa Idara hasemi nyumbani kwa mtu kabla hajasema mbele ya wote. Watasema nimependelewa. Twende mkutanoni, utasema huko, nami nitafanya utakavyosema."

Wakaenda.

Uwanjani mwenyekiti alikuwa Ngiri, mkia juu, pembe zimepakwa mafuta. Jamani, Ngiri alipenda mikutano! Na kijiji kile kilikuwa na desturi moja. Mgeni hafungui kinywa mpaka wote waliopo wametambulishwa, mmoja mmoja, kwa jina na ukoo. Na akija aliyechelewa, utambulisho unaanza upya, asije akajiona mnyonge.

"Ndugu wananchi," akasema Ngiri, "tuanze na utambulisho. Mimi ni Ngiri, mwenyekiti wenu. Piga makofi!"

Pa pa pa!

"Huyu ni Panyabuku, mweka hazina wetu. Piga makofi!"

Pa pa pa!

"Huyu ni Bi Kanga, wa ukoo wa Madoadoa..."

Upepo ukavuma, vuu. Digidigi akainua mguu wa kulia, akaushusha. Akainua wa kushoto, akaushusha. Walipokaribia kumaliza, nani akatokea? Kobe.

"Samahani, ndugu zangu. Nimetoka jana."

"Karibu, Mzee Kobe! Tuanze upya. Mimi ni Ngiri, mwenyekiti wenu. Piga makofi!"

Pa pa pa!

Fyeka, asali, mwamba, anasema Digidigi moyoni. Fyeka, asali, mwamba. Wakakaribia kumaliza tena. Akatokea Nungunungu, chakacha, chakacha, alikuwa anatafuta miba yake iliyodondoka.

"Karibu, Nungunungu! Tuanze upya. Mimi ni Ngiri..."

Pa pa pa!

Sasa sikilizeni. Wote walikuwa wanamtazama Ngiri, na Ngiri anamtazama anayetambulishwa. Digidigi peke yake, aliyeketishwa mbele kama mgeni, alikuwa anatazama nyuma yao. Akamwona Nyegere anapita pembeni ya uwanja, kijinga cha moto mkononi, moshi unamfuata. Anaelekea kwenye mti wenye nyuki.

Digidigi akasimama wima. "Bwana Mwenyekiti..."

"Subira, mgeni wetu. Hujatambulishwa bado."

"Lakini, Bwana Mwenyekiti, pale..."

"Mgeni." Ngiri akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Kwetu hatufanyi hivyo."

Wazee wakakohoa. Mmoja akaguna. Digidigi akaona aibu, uso ukamwaka. Akakumbuka aliyoambiwa na Mkuu, usiwaudhi wananchi. Akakaa.

Akakaa! Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika hapa nakasirika. Ningekuwepo ningemfinya.

Utambulisho ukaendelea. Pa pa pa. Masikio ya Digidigi yanageuka huku na huku. Mara akatokea Nyegere, midomo inang'aa asali.

"Samahani, nimechelewa kidogo."

"Karibu, Nyegere! Tuanze upya."

Digidigi akatazama mikono ya Nyegere. Mitupu. Kijinga hakipo. Pua ikamcheza. Akanusa mara moja, akanusa mara ya pili. Akasikia kwa mbali, chacha, chacha, papapapa.

Akaruka, akatua juu ya jiwe la mwenyekiti.

"Moto! Moto unakuja! Mwambani! Wote mwambani!"

Unadhani walikimbia? Walitazamana.

"Huyu ni nani anayepiga kelele?" akauliza Kobe.

"Hajatambulishwa," akajibu Nungunungu.

"Nani amempa ruhusa?" akafoka Ngiri.

Kabla hajajibiwa, moshi ukapanda nyuma ya wananchi, mweusi, mzito. Vuu! Upepo ukausukuma moto uwanjani. Hapo ndipo miguu ilipojua kazi yake. Nungunungu huyo! Nyegere huyo! Ngiri akatia kichwa chini, akamsukuma Kobe kwa pembe, bilingi, bilingi, bilingi, mpaka mwambani.

Bi Kanga hakwenda mwambani. Alikimbilia kwenye mayai.

"Wanangu! Jamani, wanangu!"

Digidigi akageuka, akamfuata. Panyabuku naye akageuka, Mungu ambariki. Akatia yai moja shavu la kulia, moja shavu la kushoto, akakimbia. Akarudi, akatia mawili mengine. Digidigi akabana moja mdomoni, polepole, na miguu inataka kuruka. Aliporudi kuchukua la pili, hapakuwa na pa kuchukulia. Moto ulikuwa umeketi pale.

Moto ukapita. Ukala majani yote, ukafika kwenye mwamba, ukakosa chakula, ukafa.

Wote walikuwa juu ya mwamba. Bi Kanga alikuwa ameyafunika mayai matano kwa mabawa yaliyoungua ncha. Digidigi akamwendea, akapiga magoti.

"Bi Kanga, nilimwona Nyegere na kijinga. Nilimwona mapema. Mayai yote yangepona. Nikanyamaza, nisionekane sina adabu."

Bi Kanga akayasogeza mayai karibu na kifua. Kisha akasema, "Ungenitukana, mwanangu. Ungenitukana mimi na ukoo wangu mbele ya watu wote, nikasikia, nikahamisha wanangu."

Ngiri akasikia. Nyegere akasikia. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho yake kijiji kizima kilifyeka, hata Kobe. Nyegere akaapa hagusi moto mpaka mvua. Mayai yale matano yakaanguliwa. Na Digidigi toka siku ile hangoji ruhusa ya mtu. Akiona hatari, anapiga kelele papo hapo, na kukimbia, na kupiga kelele tena. Piteni nyikani leo mtamsikia. Hata kama hakujui jina, atakupigia kelele.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo. Ukiona hatari, sema kwanza, utasalimia baadaye. Na ukiambiwa moto unakuja, usimuulize anayekuambia ni nani na ametumwa na nani. Inuka ukimbie.

Hadithi yangu imefika mwisho wake hapo. Aliyeelewa akafyeke kuzunguka nyumba yake.