Mlezi Wake Asimame

Wapendwa, darasa la tano lilinishinda, lakini kwa mifano mtanitafuta! Nimewahi kuhubiri mpaka mbuzi wa jirani akaacha kutafuna. Ila leo sichekeshi. Sikilizeni.

Kijiji kimoja kilikuwa na desturi: mtoto akishtakiwa barazani, mlezi wake husimama nyuma yake, kamshika bega. Adhabu ikitoka, wanaibeba wote wawili.

Siku moja akaletwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, katoka kwa waasi msituni. Alikuwa amempiga risasi mwalimu wa kijiji hichohicho, mchana kweupe.

"Ulimuua?" mwenyekiti akauliza.

"Nilimuua, mzee."

"Ulimjua?"

"Ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu."

Mnasikia? Baraza likalipuka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka! Anyongwe!"

Mwenyekiti akainua mkono. "Desturi kwanza. Mlezi wake asimame."

Kijana alikuwa yatima. Sasa mbona kila mtu alianza kutazama vidole vya miguu yake?

Ndipo mjane wa mwalimu akainuka. Akapita katikati ya watu, akasimama nyuma ya kijana aliyemuua mumewe, akamshika bega.

"Keti, shemeji," mwenyekiti akasema. "Msiba umekuchanganya."

"Sijachanganyikiwa. Wala sijamsamehe. Lakini waasi walipokuja wakataka watoto watano, la sivyo wachome kijiji, nani alisema tuwatoe mayatima? Si wewe uliyewachagua? Na mimi nilimfunga huyu vifungo vya shati. Alikuwa na miaka minane, vidole vinamtetemeka, havishiki kifungo. Nikamwambia, 'Nenda, baba, usilie.' Leo mnamtafuta mlezi wake wapi?"

Mwenyekiti akavua kofia.

Wapendwa, nasikia kuna mahakama kubwa ya ulimwengu, nayo haimshtaki aliyetenda akiwa mtoto. Humsaka aliyemtia bunduki mkononi. Vema. Lakini aliyemfunga vifungo, nani atamsaka? Sisi tunaoimba kwa sauti nzuri hapa, tumewatoa wa nani ili wetu walale salama? Na wakirudi na damu mikononi, twauliza wamezaliwa na nyoka gani?

Mwalimu amekufa, harudi. Mjane bado analia. Na kijana yuko palepale barazani. Bega moja lina mkono. La pili liko wazi.

Nani kati yetu anasimama?