Ndama Aliyeshindishwa Njaa

Ndama alizaliwa dhaifu, na mama yake akamkataa kwa mateke. Mzee Mwaisaka, tajiri wa ng'ombe mia moja, akamwambia jirani yake Tupokigwe, "Mchukue. Akipona, ni wako."

Miezi miwili baadaye ndama alikuwa amenawiri, na Mzee akabadili maneno. "Ndama ni wa mama yake. Namtaka."

"Basi achague mwenyewe, mbele ya balozi wa nyumba kumi," alisema Tupokigwe. "Ila nakusihi Mzee, usimshindishe njaa. Akiwa na njaa atakimbilia chuchu za mama yake, nami nitakuwa nimekwisha."

Mzee alitabasamu. Akamchukua ndama, akamfungia tangu alfajiri bila hata tone la maziwa.

Jioni Mzee alisimama na ng'ombe wake, kiwele kimejaa. Tupokigwe alisimama ng'ambo na ndoo tupu, ambayo balozi aliikagua mpaka chini. Ndama alipofunguliwa alimpita mama yake mbio, akatumbukiza kichwa ndooni, kisha akaanza kunyonya vidole vya Tupokigwe.

"Umemroga!" Mzee alifoka.

"Nimroge na nini? Nimemlea kwa ndoo, akinyonya vidole vyangu ndani ya maziwa. Chuchu haijui."

Mzee naye akanyoosha kidole, kimejaa ugoro. Ndama akakinusa, akapiga chafya.

"Ahsante kwa kumshindisha njaa, Mzee," alisema Tupokigwe. "Akishiba, hata mimi huwa hanijui."